UZI: Chopa ndogo huangushwa na nini, na mbona kila mara tunamtafuta mchawi?

Wadau, kaeni chini. Uzi wa leo ni mrefu kidogo.

Mnajua jinsi mambo huenda. Chopa inaanguka mahali, na hata kabla moshi haujaisha watu wamegawanyika pande mbili. Hawa wanasema "wamemmaliza", wale wanasema "rubani alikuwa amelewa". Kufika saa mbili usiku kuna picha imechorwa mishale myekundu, kuna sauti ya WhatsApp ya jamaa asiyetaja jina, na kuna mheshimiwa ameshika maikrofoni mazishini akisema waliofanya hivyo wanajulikana. Wiki mbili baadaye, kimya. Halafu nyingine inaanguka, tunaanza upya.

Kanuni za hapa ni zile zile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukiwataja kwa majibu nitafuta, na tusikosane.

Mbona chopa? Binamu yangu anasomea urubani wa helikopta pale Wilson. Juzi saa nne usiku mamake, yaani shangazi yangu, alinipigia simu. Ametumiwa video ya chopa ikianguka na maelezo marefu chini yake. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe ndiye unasoma mambo ya siasa na serikali. Hebu niambie. Hizi ndege huwa zinawekwa kitu, ama zinaanguka zenyewe?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nipe siku kadhaa nisome. Hiki ndicho nilichopata.

Kwanza nikiri kitu. Kushuku si ujinga. Hii ni nchi iliyopitia 1969, 1975 na 1990, na wenye umri wanajua nazungumzia nini. Mtu akisema hapa kuna mkono wa mtu, hana wazimu. Shida yangu ni moja: jibu la hujuma hufika haraka mno, likishafika linafunga mlango, na maswali yanayobaki nje ya mlango ndiyo yangemsaidia mwanafunzi anayepaa kesho asubuhi.

Kumbukeni Machi 2024. Ndege ndogo ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria juu ya mbuga ya Nairobi. Ile kubwa ikarudi Wilson salama. Waliokuwa kwenye ile ndogo, wawili, wakafa. Tuliongea kuhusu hiyo ajali siku ngapi? Hakukuwa na mheshimiwa ndani, kwa hivyo hakukuwa na mchawi wa kutafuta, kwa hivyo hakukuwa na mjadala.

Haya, turudi kwa helikopta. Ndogo ya mafunzo inayojulikana zaidi duniani ni Robinson R22, ya Marekani. Ilipata cheti 1979. Viti viwili, injini ya pistoni, rota ya mapanga mawili. Aliyeibuni, Frank Robinson, alikuwa anafikiria mashine ya bei nafuu ya mtu binafsi kwenda shughuli zake. Hakuibuni iwe ya shule. Lakini shule zikaangalia bei, zikanunua, na kizazi baada ya kizazi cha marubani kikajifunzia humo. Chombo kilichokusudiwa kazi nyingine kikaishia mikononi mwa anayeanza, kwa sababu ya bajeti. Mwanafunzi yeyote wa sera za umma ameiona hii sinema.

Na si mwanafunzi peke yake anayeanza. Katika nchi nyingi mwalimu wake naye ni kijana. Viwango vya kimataifa vya ICAO vinataka saa 150 hivi za kuruka ili upate leseni ya biashara ya helikopta, 100 ukipitia kozi iliyoidhinishwa. Ukiwa na saa 150 nani atakuajiri? Karibu hakuna. Njia ya kuongeza saa ni kufundisha. Kwa hivyo mara nyingi ndani ya ile mashine nyepesi kuna watu wawili, mmoja hajui, na mwingine amejua juzi.

Sasa nieleze kinachoweza kwenda mrama. Nimemsumbua binamu hadi akanichorea kwa karatasi.

Kinachobeba helikopta ni kasi ya mapanga. Injini kazi yake ni kuyazungusha. Injini ikizima, mapanga bado yana kasi yao, na rubani akishusha haraka ule wenzo wa mkono wa kushoto, mapanga yanalala, hewa inayopanda kutoka chini inayaendeleza kuzunguka, na mnashuka mkiwa na udhibiti hadi ardhini. Mwanafunzi hufanya zoezi hili mara nyingi. Kwa hivyo ile hadithi ya kwamba injini ikizima chopa huanguka kama jiwe, wacheni.

Lakini kuna sharti. Helikopta kubwa ina mapanga mazito, na mapanga mazito ni kama akaunti yenye akiba: mshahara ukichelewa utasukuma siku kadhaa. Mapanga ya R22 ni mepesi. Akiba hakuna, na huko juu hakuna Fuliza. Rubani ana sekunde moja na kitu hivi kushusha ule wenzo. Akikaa akijiuliza "hiyo sauti ni ya nini?", muda umeisha.

Hesabu inayofuata ndiyo ilinikalisha chini. Kengele ya onyo hulia kasi ya rota ikishuka hadi asilimia 97. Kampuni yenyewe huwaonya marubani kwamba rota inaweza kuacha kubeba kabisa, bila njia ya kurudi, ikishuka chini ya asilimia 80, ukiongeza asilimia 1 kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Mombasa, usawa wa bahari, hiyo ni 80. Wilson iko futi kama 5,500 juu ya bahari, kwa hivyo hata kabla hujapaa ni 85 na nusu. Eldoret, karibu futi 7,000, ni 87.

Yaani kutoka kengele hadi mwisho wa mchezo, Mombasa una pointi 17, Wilson una 11 na nusu, Eldoret una 10. Mwanafunzi wa Nairobi amekatwa theluthi moja ya nafasi ya kukosea kabla hajawasha injini. Na siku ya jua kali, nyuzi 28 hivi, hewa ya Wilson huwa nyepesi kana kwamba uko futi zaidi ya 8,000. Injini inapumua kwa shida, mapanga nayo yanashika hewa kidogo. Hakuna aliyeweka kitu hapo. Ni jiografia.

Uzito pia. R22 ya kawaida hairuhusiwi kuzidi kilo 622 hivi ikiwa imebeba kila kitu. Yenyewe tupu inakaribia 400. Weka watu wawili wa kilo 85 kila mmoja, weka mafuta, umefika. Ukishiba nyama choma Jumapili, Jumatatu unapimwa.

Jambo la pili linahitaji bembea. Ile ya ubao mmoja, mtoto huku na mtoto kule. Rota ya mapanga mawili imekaa juu ya mlingoti wake namna hiyo: panga moja likipanda, lingine linashuka. Mwili wa helikopta unaning'inia chini yake kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Rota inavuta juu, uzito unavuta chini, kamba imekazika, kila kitu kinaelewana.

Umewahi kuwa ndani ya matatu ikapita tuta kwa kasi, ukahisi tumbo limepanda kooni? Rubani akisukuma usukani mbele ghafla, helikopta nzima hupata hali hiyo. Uzito unatoweka, kamba ya kisima inalegea. Mwili unaanza kulalia kulia wenyewe, kwa sababu rota ndogo ya mkiani bado inausukuma. Rubani, binadamu kama wewe, anapeleka usukani kushoto arekebishe. Na kosa ni hilo. Rota inatii inalalia kushoto, mwili hautii, na kitovu cha rota kinaugonga mlingoti. Mlingoti unaweza kukatika, ama panga likakata mkia. Dawa yake ni kuvuta usukani nyuma polepole kwanza, uzito urudi, ndipo urekebishe. Mwili wako wote unakuambia ufanye kingine.

Juni 1992, karibu na Richmond, California, R22 ilikuwa angani kwenye somo, mwalimu na mwanafunzi wake. Mwanafunzi alibeba kinasa sauti kidogo kunasa somo. Mtandao haukuwa kama leo, watu walisoma kwa kanda. Kanda hiyo ilipatikana. Wachunguzi walisikia mazungumzo ya kawaida ya mafunzo, hakuna hofu, hakuna kubishana, halafu ghafla helikopta inavunjika hewani. Wote wawili walikufa.

Tulia hapo kidogo. Kanda hiyo ingepatikana kwetu, ingekuwa kwa kila simu kabla ya taarifa ya saa moja, na kila mtu angesikia mlipuko wake mwenyewe.

Kule kilichofuata kilikuwa kazi ya makaratasi, na hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali za usafiri, NTSB, ilifukua ajali zinazofanana na hiyo kurudi nyuma hadi mwanzo wa miaka ya themanini. Ripoti yake maalum ilitoka 1996. Haikupata mtu wa kumfunga. Ilichoona ni mashine nyepesi, inayoitikia usukani haraka kupita kiasi kwa mtu asiyeizoea, yenye rota isiyo na akiba. Na mamlaka ya anga ya huko, FAA, haikungoja ripoti. Machi 1995 kanuni maalum ilikuwa tayari inafanya kazi.

Kanuni yenyewe ni fupi, hata mbunge anaweza kuimaliza. Hupeleki R22 peke yako kama mwanafunzi kabla ya saa 20 za mafunzo ndani ya R22 hiyo hiyo. Hubebi jukumu la urubani mkuu bila saa 200 za helikopta, 50 zikiwa za R22. Ukipungukiwa, uwe na angalau saa 10 za mafunzo ndani yake na sahihi ya mwalimu. Kila mmoja, mwanafunzi na mwalimu, lazima afundishwe mambo niliyoeleza hapo juu: kasi ya rota, akiba ya nguvu, kupoteza uzito. Na lile zoezi la kumwonyesha mwanafunzi hali ya kupoteza uzito angani likapigwa marufuku. Lifundishwe chini, kwa mdomo.

Ilitungwa iwe ya muda. Ikaongezwa muda, ikaongezwa tena, ikaendelea kutumika. Ajali za rota kugonga mlingoti zikapungua sana kule. Mashine ilikuwa ile ile, mapanga yale yale mepesi.

Kuna kitu kingine kilichowekwa wakati huo: kifaa cha elektroniki kinachoshikilia kasi ya injini isipande wala kushuka, ili rubani asiwe anazungusha mkono kama mtu wa bodaboda muda wote. Marubani hukiita gavana. Si yule wa kaunti. Huyu anafanya kazi kila siku na hana msafara. Sasa ni marufuku kuruka akiwa amezimwa, isipokuwa ameharibika ama mnafanya mazoezi ya dharura.

Mkiona hilo linafanana na kitu, ni kweli. 2004, matatu zililazimishwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo. Waziri mhusika mnamjua, na sitamtaja, kanuni ni kanuni. Hakuna aliyesema kila ajali ya matatu ni mkono wa mtu. Tulikubali kwamba kuna mwendo, kuna viti visivyo na mikanda, kuna dereva amechoka, tukabishana kuhusu sheria. Tulibishana vibaya, lakini kuhusu kitu sahihi. Kwa chopa hatujawahi kufika hapo, nadhani kwa sababu wanaopanda chopa ni wachache na ni wakubwa, na mtu mkubwa hatakiwi kufa kwa sababu ndogo.

Nisiwadanganye kwamba mambo yote yametatuliwa. New Zealand, 2016, tume yao ya kuchunguza ajali iliweka suala la Robinson na rota kugonga mlingoti kwenye orodha ya mambo yanayohitaji hatua, ikisema bado haieleweki vya kutosha ni kwa nini, utafiti ufanywe. Mwaka huo huo idara za serikali kule zikasimamisha kuzitumia. Mvutano ni wa siku nyingi: mtengenezaji anaelekeza kidole kwa namna zinavyorushwa, wengine wanauliza kama mashine inayomwadhibu mtu hivyo kwa kosa dogo inastahili kuwa shuleni. Mimi niko na hao wa pili, lakini niko tayari kubishana.

Na Australia, 2013. Kaka mkubwa wa R22 anaitwa R44, viti vinne. Kule watu walikuwa wanakufa kwa moto katika ajali ambazo kishindo chenyewe mtu angeweza kuponea, kwa sababu tangi la mafuta lilikuwa linapasuka. Kampuni ilikuwa tayari imetoa tangi lenye mfuko wa mpira ndani na kuweka tarehe ya mwisho ya kubadilisha. Wenye helikopta wengine walikuwa wanangoja tarehe. Baada ya watu wanne kufa mwezi Machi, mamlaka ikasema yoyote ambayo haijabadilishwa tangi hairuki. Siku ya mwisho ikawa Aprili.

Sababu nyingine nitazipitia haraka. Waya za umeme, ambazo rubani haoni hadi awe amezifikia. Kushuka wima kwa kasi huku unasukumana na upepo wako mwenyewe: mapanga yanakuwa yanapiga hewa ambayo tayari inaenda chini, na ukiongeza nguvu unazama zaidi. Barafu ndani ya kabureta: watu hudhani barafu ni ya Ulaya, lakini hewa yenye unyevu ikinyonywa kwenye kabureta hupoa sana, na injini inaweza kukosa pumzi hata siku ambayo wewe chini umevaa shati. Fikiria Limuru mwezi wa Julai.

Mawingu yanahitaji post yao. 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kilichukua marubani 20 ambao hawakuwa na mafunzo ya kuruka kwa kusoma vifaa, kikawaweka katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti. Wastani wa muda: sekunde 178. Hiyo ilikuwa ndege ya kawaida, ambayo ukiiachilia inajaribu kujinyoosha. Helikopta ndogo haina huruma hiyo. Sasa weka vilima vya Ngong ama Aberdare asubuhi ya ukungu, na sauti kiti cha nyuma inasema "watu wanangoja uwanjani".

Hapo tunaingia kwa siasa yenyewe, maana kijana wa shule ya urubani leo ndiye rubani wa kampeni kesho. Zile chopa ndogo zinazokodishwa msimu wa kura zina mipaka ile ile ya uzito na mwinuko. Lakini hebu angalieni video zenu wenyewe. Uwanja wa shule ya msingi, vumbi, watoto wanakimbia chini ya mapanga, vijana wameshika miguu ya chuma wakicheza. Kuna kitu kinaitwa kupinduka kwa mguu mmoja: mguu mmoja ukikwama ama ukishikwa chini wakati rubani ananyanyua, helikopta inazunguka kwenye huo mguu kama mlango kwenye bawaba, na ikifika pembe ya nyuzi 15 hivi hakuna usukani utakaoirudisha. Inalala ubavu, mapanga yanapiga ardhi, na vipande vinaenda popote kuna watu.

Bungoma 2016, yule jamaa aliyening'inia kwa chopa hadi angani. Alipona na majeraha, tukamtengenezea vibonzo, tukampa jina la mhusika wa filamu. Mimi pia nilicheka, nilikuwa mdogo. Sasa nikiangalia ile video naangalia upande ule mwingine, rubani anayebeba uzito asioupangia, upande mmoja tu wa mashine.

Sasa yale mambo yanayorudi kila mara kwenye mabishano yenu.

"Kisanduku cheusi kimefichwa wapi?" Kwa helikopta ndogo kama hizi, mara nyingi hakikuwepo. Sheria za kimataifa zinadai vinasa vya safari kwa helikopta nzito. R44 ikijaa ni kilo 1,134 tu. Unaweza kudai sheria ibadilike, hata mimi nitasaini. Kudai kwamba kimeibwa ni kitu kingine.

"Mbona Wamarekani wamekuja, wanaficha nini?" Nchi iliyobuni na kutengeneza chombo ina haki ya kutuma mwakilishi kwenye uchunguzi. Iko kwenye Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, na Kenya ni mwanachama. Wasipokuja ndiyo ushangae.

"Rubani alikuwa na saa elfu tano." Za nini? Kampuni ya Robinson yenyewe huonya kuhusu marubani wazoefu wa ndege za kawaida wenye saa chache za helikopta. Kengele ikilia, mkono wao unafanya kile ulichozoea miaka yote: usukani mbele, ongeza nguvu. Kwenye ndege inakuokoa. Kwenye R22 mmeshasoma.

"Uchunguzi haujamtaja mhusika, ni kufunika." Kiambatisho hicho kinasema lengo pekee la uchunguzi wa ajali ya ndege ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama. Makusudi kabisa, ili fundi na mwalimu waseme ukweli bila kuogopa pingu. Polisi wakishuku uhalifu wana uchunguzi wao, sambamba. Sisi tunasoma ripoti ya kwanza tukitafuta majibu ya ile ya pili, kisha tunakasirika.

Na tafadhali, mabaki msiguse. Kipande cha chuma unachobeba kwenda kuuza kwa kilo ndicho kingeonyesha kama mlingoti ulikatika hewani ama chini. Hata kama ni hujuma, umembebea mhalifu ushahidi wake.

Kuna lalamiko moja ambalo nalikubali kabisa: ripoti kuchelewa. Kiambatisho kinataka taarifa ya awali ndani ya siku 30 na ripoti kamili, ikiwezekana, ndani ya miezi 12. Isipokamilika, nchi inatakiwa kutoa taarifa ya maendeleo hadharani kila mwaka ajali inapotimiza mwaka. Hapo ndipo pa kubana. Badala ya kuuliza "nani alimuua", siku ya kumbukumbu ukifika andika: taarifa ya mwaka iko wapi? Swali hilo lina tarehe na lina anayepaswa kulijibu.

Na anayejibu ni nani? Kwetu idara ya kuchunguza ajali za ndege, AAID, iko ndani ya wizara ya uchukuzi. KCAA, inayotoa leseni kwa marubani na shule, iko chini ya wizara hiyo hiyo. Ni meza tofauti, lakini bosi ni mmoja. Tuseme uchunguzi unagundua kwamba shule fulani haikupaswa kuwa na leseni. Mchunguzi anaandika ripoti inayomwaibisha jirani yake wa ofisi, na inapita kwa mkubwa wao wote wawili. Simshtaki mtu, nauliza mpangilio. Marekani walikuwa hivyo pia: NTSB ilianza 1967 ikiwa chini ya wizara yao ya uchukuzi, na ikachukua sheria ya 1974 kuitoa kabisa. Karibu miaka 20 baadaye, iliposikiliza ile kanda ya Richmond, haikuwa inamwandikia waziri.

Kwa hivyo mgombea akija kwenu na chopa, na watakuja, kuna mambo ya kumuuliza akishuka. Idara ya uchunguzi inapewa pesa ngapi na ina wachunguzi wangapi. Kama atakubali itoke wizarani. Kama sisi tunahitaji saa za ziada kwa mashine nyepesi kwenye mwinuko wetu, maana kanuni ya Marekani iliandikwa kwa nchi ambayo shule nyingi ziko karibu na usawa wa bahari. Na hili la mwisho muulizeni akiwa karibu na rubani wake: leo akikwambia hapaai, utamfuta kazi?

Majibu yako wazi hapo chini, wanaojua helikopta kuliko mimi nirekebisheni kwa upole.

Nilimpigia shangazi jana. Nikamweleza bembea, kengele, ile hesabu ya Eldoret. Alinisikiza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akauliza: "Na huyo mwalimu wa mtoto ana saa ngapi?" Sikujua. Nikamuuliza binamu. Naye hajui, hajawahi kuuliza, anaona kama ni kumkosea heshima. Ameniahidi atauliza Jumatatu kabla hawajapaa.